Uzi maalum: Kipepeo monaki anapotaga kwenye milikwidi ya uani – kuyaona mayai, kuyahesabu, kuyalinda

Bustani_ya_Uani (Minnesota)

Wakuu, salaam. Maswali ya milikwidi yametawanyika kila kona humu, leo nayakusanya sehemu moja. Uzi unawahusu zaidi walioko Marekani na Canada, maana huko ndiko nyumbani kwa monaki (Danaus plexippus). Walioko Afrika Mashariki msiondoke, mnaye ndugu yake na tutamfikia.

Kwa asiyejua: milikwidi (Asclepias) ni jamii ya mimea yenye utomvu, wengi wao mweupe kama maziwa ukivunja jani. Kiwavi wa monaki hali kitu kingine chochote. Bustani ikijaa maua mazuri ya kila rangi bila milikwidi, monaki atakuja kunywa nekta na kwenda zake. Yai hutaliona.

Tuanze na jike mwenyewe, kwa sababu ukijua mwendo wake hutahangaika kupekua majani yote. Kwanza hakikisha ni jike: dume ana kidoa cheusi kwenye mshipa wa kila bawa la nyuma, jike hana, na mistari yake myeusi ni minene zaidi. Sasa, anayetafuta nekta hutulia juu ya ua, mabawa anayafunga na kuyafungua taratibu. Anayetaga hana utulivu huo. Anaruka chinichini, anagusa jani hili, anaondoka, anagusa lile. Akitua anapigapiga jani kwa miguu ya mbele. Miguuni ndiko anakoonja: ana vionjio vinavyomwambia kama hili ni milikwidi au ni jani tu. Akiridhika anashika ukingo wa jani, anakunja tumbo mpaka ncha iguse upande wa chini, anabaki hapo sekunde chache, huyo ameruka. Yai moja. Linalofuata ataliweka kwenye jani jingine, mara nyingi mmea mwingine kabisa.

Usimfuate. Simama hatua tatu nne nyuma, kivuli chako kisimpite, na kumbuka shina alilotua. Akishaondoka ndipo unageuza jani.

Pa kutafuta: upande wa chini wa majani machanga ya kileleni, yale ambayo bado ni laini. Watu wengi huishia hapo. Tazama pia vichipukizi vifupi vya sentimita 10 hadi 15 vinavyochomoza ardhini pembeni ya mmea mkubwa, jike anavipenda sana, na mashada ya maua ambayo hayajachanua.

Yai lenyewe lina urefu wa milimita 1 tu, kama kichwa cha pini. Rangi ni ya maziwa au njano iliyofifia, limesimama wima, chini pana, juu lina ncha butu. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 uone vizuri: kuna mistari iliyoinuka kutoka kitako hadi kileleni, kama mbavu za boga. Mbavu hizo ndizo kitambulisho. Kitu cheupe kisicho na mbavu si yai la monaki.

Hutotolewa baada ya siku 3 hadi 5 kulingana na joto, baridi ikiwepo huchelewa. Karibu na kutotolewa ncha inageuka nyeusi. Hicho ni kichwa cha kiwavi kinaonekana kupitia ganda, na kwa kawaida hafiki kesho yake kabla hajatoka.

---

Nyota_ya_Ohio

Ahsante sana mkuu. Mimi kila nikigeuza jani naona vitu vyeupe na vya njano vingi, sijui kipi ni kipi. Halafu nipande mimea mingapi? Nina kipande cha mita 2 kwa 3.

---

Bustani_ya_Uani

Dada Nyota, hivi ndivyo vinavyochanganya watu:

Tone la utomvu lililokauka. Ni jeupe, linang'aa, halina umbo maalumu, na karibu yake utaona kovu au tundu kwenye jani. Lisukume kwa ncha ya kijiti, litabanduka kama gundi.

Mayai ya njano iliyokoza, yamesimama kwa kushikana, kumi hadi thelathini pamoja. Hayo ni ya wale wadudu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wanaokula vidukari.

Yai linaloning'inia juu ya uzi mwembamba kama unywele. Hilo ni la mdudu wa kijani mwenye mabawa kama wavu. Watoto wake wana meno kama koleo na wanafyonza mayai ya monaki bila huruma.

Rundo kubwa la mayai meupe chini ya jani moja. Ni nondo wa milikwidi (Euchaetes egle). Viwavi wao hukaa kwa makundi, wana manyoya meusi, meupe na ya rangi ya chungwa. Nao ni wenyeji wa milikwidi, usiwaue. Kama wamezidi, wahamishie shina moja la pembeni.

Kanuni fupi: monaki hutaga moja moja. Ukikuta mayai kumi kwenye shina moja inawezekana ni yake, hasa milikwidi ikiwa haba mtaani, lakini yatakuwa yametawanyika, hayashikani.

Ya idadi na aina namwachia Mzee wa Vitalu.

---

Mzee_wa_Vitalu (Illinois)

Nimeitika.

Idadi kwanza. Kiwavi mmoja mpaka akue humaliza majani makubwa yapatayo 20 ya Asclepias syriaca. Kwa aina zenye majani membamba anaweza kuvua mmea mzima. Kwa hiyo shina mbili za kwenye chungu si bustani, ni mtego: jike atataga, viwavi watatoka, chakula kitaisha siku ya nane wakati ndiyo kwanza wanaanza kula kwa nguvu. Kiwango changu cha chini ni mimea 10 ya aina mbili au zaidi. Mita 2 kwa 3 inatosha mimea 12 hivi kwa nafasi ya sentimita 45 hadi 60.

Aina kwa Ohio, Illinois, Minnesota na majirani:

A. syriaca, ile ya kawaida. Jani pana lenye vinyweleo upande wa chini. Majike wanaipenda. Ubaya wake inatambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, mwaka wa tatu utaikuta mita mbili kutoka ulipoipanda. Kama eneo ni dogo, ipe kona yake na ung'oe vinavyovuka mpaka.

A. incarnata. Inapenda unyevu, inavumilia udongo mzito wa mfinyanzi, haitambai. Kwa eneo dogo hii ndiyo ningeweka nyingi.

A. tuberosa, yenye maua ya rangi ya chungwa. Inataka udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Ina mzizi mkuu mrefu, ukishaipanda usiihamishe. Haina utomvu mweupe, wake ni kama maji, na mayai huwa machache kuliko kwenye zile mbili. Ipande kwa ajili ya nekta, mayai yakija ni nyongeza.

Dada, kwa mita zako: incarnata 7, syriaca 3 pembeni, tuberosa 2 mbele palipo pakavu. Jua lisipungue saa 6 kwa siku.

Mbegu sasa, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mbegu za aina hizi tatu zinahitaji kupita kwenye baridi yenye unyevu, la sivyo nyingi hazitaota. Lowesha karatasi nene ya jikoni, ikamue mpaka isidondoshe maji, tandaza mbegu zisipandane, ikunje, tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, andika aina na tarehe. Weka kwenye friji penye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, siku 30 hadi 45. Si kwenye friza. Angalia kila wiki: ukungu ukionekana maji yalizidi, suuza mbegu na ubadilishe karatasi. Karatasi ikikauka kabisa, hesabu inaanza upya.

Zikitoka, fukia nusu sentimita tu kwenye udongo laini, weka mahali pa joto penye mwanga mwingi. Huota kwa wiki moja hadi mbili, nyingine hukawia zaidi. Mche ukifika sentimita 8 hadi 10 unauzoesha nje kwa siku saba kabla ya kuupandikiza.

Asiyetaka kazi ya friji amwage mbegu ardhini Oktoba au Novemba kabla ardhi haijaganda, azikanyage zigusane na udongo, asizifukie sana. Kipupwe kitafanya kazi yote.

Mwaka wa kwanza usitarajie maua. Mayai ndiyo yanaweza kuja hata mmea ukiwa na urefu wa shubiri.

---

Chausiku_K

Mzee, kuna miche ya dukani tayari ina maua, bei poa. Kwa nini nisinunue hiyo tu?

---

Mzee_wa_Vitalu

Nunua, lakini uliza swali moja kabla ya kulipa: mche huu umewekewa dawa ya wadudu inayopita kwenye mizizi? Dawa za kundi la neonikotinoidi, kama imidakloprid, zinaingia ndani ya mmea na kupanda hadi kwenye majani na nekta. Kuosha majani hakusaidii kitu, sumu imo ndani. Kiwavi anakula, anatapika maji ya kijani, anatetemeka, anafia hapo hapo kwenye jani.

Muuzaji akijibu "sijui", mwachie mche wake. Mche wenye vidukari wachache na majani yaliyotobolewatobolewa mimi naupokea kwa mikono miwili kuliko ule uliong'aa bila alama.

Angalia na jina la kisayansi kwenye kibandiko. Duka nyingi zinauza A. curassavica, ya kitropiki, maua mekundu na njano. Hiyo ina mjadala wake. MwanaTexas upo?

---

MwanaTexas (Houston)

Nipo.

Kwenye baridi kali curassavica hufa yenyewe, hivyo Minnesota haina shida kubwa. Tatizo liko huku pwani ya Ghuba ya Mexico, Florida na kusini mwa California, ambako haifi. Inabaki na majani mwaka mzima. Monaki ambao wangepaswa kupita kwenda kulala Mexico msimu wa baridi wanabaki wakitaga hapa hapa, na kizazi baada ya kizazi wanaachiana kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha, kwa kifupi OE.

Njia ya OE inaanzia kwenye kutaga kwenyewe. Jike mgonjwa amejaa spora, yaani vijimbegu vidogo sana vya kimelea hicho, kwenye magamba ya tumbo. Anapokunja tumbo kuweka yai, spora zinadondokea juu ya yai na kwenye jani. Kiwavi akitoka, kitu cha kwanza anachokula ni ganda la yai lake, na hapo anazimeza. Spora zinapasuka tumboni, kimelea kinaongezeka ndani ya kiwavi na ndani ya pupa (kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo), na kipepeo anatoka akiwa amefunikwa na spora mpya. Wenye nyingi sana hawawezi kutoka kwenye pupa, au wanatoka mabawa yamekunjamana. Wenye chache wanaruka kama kawaida, na hao ndio wanaoeneza zaidi.

Jani ambalo halijadondoka kwa miezi sita limetembelewa na wagonjwa wangapi? Ndiyo maana tunakata. Kuanzia Oktoba hadi Februari, curassavica zote zikatwe zibaki sentimita 10 hadi 15, na kila zikichipua unarudia. Bora zaidi ni kuzibadilisha polepole kwa za asili ya Texas: A. viridis na A. asperula. Hizo zinakufa juu kwa msimu wake na kuanza upya na majani masafi.

Kupima OE ni rahisi kama una hadubini. Kata kipande cha selotepu cha sentimita 1, mshike kipepeo mabawa yakiwa yamefungwa, gusisha tepu kwenye tumbo kwa upole, bandika kwenye karatasi au kioo, tazama kwa ukuzaji wa mara 40 hadi 100. Magamba utayaona makubwa kama vigae. Spora ni punje ndogo sana, za kahawia, umbo la limau. Tumia tepu mpya na unawe mikono kwa kila kipepeo.

Jambo jingine la kusini: kuna kipepeo mwingine wa jamii hii, Danaus gilippus, naye anataga kwenye milikwidi ile ile na mayai yanafanana. Subiri kiwavi akue kidogo. Wa monaki ana jozi 2 za pembe laini nyeusi, mbele na nyuma. Wa gilippus ana jozi 3, ya tatu iko katikati ya mgongo.

---

Chausiku_K

Nimeshtuka kidogo hapo kwenye spora. Na vile vidukari vya njano? Shina zima limefunikwa.

---

Bustani_ya_Uani

Hivyo ni Aphis nerii, njano yenye miguu myeusi. Havina madume, majike yanazaa majike mengine moja kwa moja, ndiyo maana wiki moja wawili na wiki ijayo shina halionekani.

Dawa usipulize yoyote. Hata sabuni ya maji na mafuta ya mwarobaini haitofautishi kidukari na kiwavi wa siku moja. Hata ile dawa ya bakteria ya Bt inayosifiwa kuwa ya asili imetengenezwa mahususi kuua viwavi, na monaki ni kiwavi.

Fanya hivi. Kagua shina jani kwa jani kwanza, mayai na viwavi wachanga viko humo humo katikati ya vidukari. Jani lenye yai lifunike kwa kiganja, kisha vaa glavu na kamua vidukari kwa vidole kutoka chini kwenda juu, malizia kwa mpira wa maji wa nguvu ya wastani ukielekeza kwenye shina, si kwenye majani. Rudia baada ya siku 3. Huwezi kuvimaliza na huna haja ya kuvimaliza. Mmea uliostawi unavibeba. Ukiona vimezidi kila mara, punguza mbolea: naitrojeni nyingi inatoa vichipukizi laini ambavyo vidukari wanavipenda kuliko kitu kingine.

Glavu si mapambo. Utomvu ukiingia jichoni unaumiza mboni, maumivu na ukungu wa macho vinaweza kudumu siku kadhaa. Usifikiche jicho, osha kwa maji mengi na uende hospitali.

---

Nyota_ya_Ohio

Nimehesabu mayai 14 juzi. Leo yamebaki 5 na sioni kiwavi hata mmoja. Niyaingize ndani yaliyobaki?

---

Mzee_wa_Vitalu

Pole dada, lakini hiyo ndiyo hesabu ya kawaida. Porini chini ya 10 kati ya 100 ndio hufika kuwa kipepeo. Jike anataga mayai 300 hadi 500 maishani mwake kwa sababu hiyo. Sisimizi, buibui, nyigu, watoto wa wale wadudu wekundu, kila mmoja anapita kuchukua chake. Na nzi vimelea (Lespesia archippivora ndiye maarufu) hutaga juu ya kiwavi. Mabuu yao hutoka kwenye kiwavi mkubwa au pupa wakining'inia kwa nyuzi nyeupe.

Unachoweza kufanya bila kumfungia mtu: panda milikwidi katika mafungu mawili matatu yaliyoachana badala ya moja, zoa sisimizi kwa kuondoa vidukari maana wanafuata utamu wao, na changanya na maua mengine ili wawindaji wawe na pa kwenda.

---

Chausiku_K

Mimi naona kuingiza ndani ni sawa tu. Kama 90 wanakufa nje na ndani wanapona 80, si tunawasaidia?

---

MwanaTexas

Ningekuunga mkono kama idadi ndiyo ingekuwa kila kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba monaki wa kibiashara waliofugwa vizazi vingi walipoteza mwelekeo wa kusini, na hata wa porini waliokuzwa ndani ya chumba hadi kuwa vipepeo walishindwa kuelekea kusini. Kipepeo asiyejua Mexico iko wapi, mwezi wa tisa atakwenda wapi? Ongeza na msongamano: viwavi 40 kwenye sanduku moja, OE ikiingia kwa mmoja imeingia kwa wote.

Wachache kwa ajili ya kufundishia watoto, sawa. Wasizidi kumi kwa mwaka, chombo kimoja kiwavi mmoja, wavu uwe nje kwenye kivuli ili wapate joto na urefu halisi wa siku, majani mapya kila siku, kinyesi kitolewe kila siku, na chombo kioshwe kwa maji yenye klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 4 za maji, kisha kisuuzwe na kukauka kabisa. Kata jani lenye yai pamoja na kikonyo chake, usilibandue yai. Ili jani likauke polepole, funga kikonyo kwa pamba yenye maji.

Walioko California msiguse kabisa, huko kumshika au kumfuga monaki kunahitaji kibali.

---

Bustani_ya_Uani

Naongeza la kuhesabu, kwa sababu dada Nyota amefanya jambo la maana bila kujua: amehesabu mara mbili. Hiyo ni takwimu.

Chagua siku moja ya wiki, muda ule ule. Andika kwanza idadi ya mashina uliyokagua, hata yasiyo na kitu. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaandika mayai tu. Mayai 10 kwenye mashina 25 ni 0.4 kwa shina. Mayai 10 kwenye mashina 100 ni 0.1. Ni habari mbili tofauti kabisa. Kisha andika viwavi kwa hatua. Kiwavi anajivua ngozi mara nne kabla ya pupa, kwa hiyo ana hatua tano: wa kwanza ana milimita 2 hadi 6, rangi ya kijivu-kijani, kichwa cheusi, wa tano anafika milimita 45 na pembe ndefu. Kutoka yai hadi pupa ni siku 12 hadi 18 kwa ujumla.

Kuweka alama: funga uzi wa rangi kwenye shina, chini ya jani lenye yai, na uandike "jani la 3 kutoka juu, kulia". Usibandike chochote kwenye jani lenyewe.

Kumbukumbu zako zinapokelewa. Monarch Larva Monitoring Project ilianzia Chuo Kikuu cha Minnesota miaka ya 1990 na inaendeshwa na watu wa kawaida wanaokagua majani kila wiki. Journey North wanapokea taarifa ya yai la kwanza la msimu. Yai la kwanza kwa Texas ni Machi, kwa Minnesota ni kuanzia Mei mwishoni.

Kuhusu majirani wanaosema ni magugu: misitu ya mioyameli (miti jamii ya misonobari) ya Mexico wanakolala ilifunikwa na monaki hekta 18.19 msimu wa 1996–97. Msimu wa 2013–14 zilibaki hekta 0.67. Katikati ya miaka hiyo mahindi na soya zinazostahimili glaifoseti (dawa ya kuua magugu) zilienea Iowa na Illinois, na milikwidi iliyokuwa ikiota kati ya mistari ya mazao ikatoweka. Shina lililoko uani kwako limebeba sehemu ya kile kilichotolewa shambani. Mwambie hivyo hivyo, na umpe mbegu.

---

Kipepeo254 (Nairobi)

Huku kuna kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye doa jeupe, anataga kwenye ule mmea wenye matunda kama puto lenye vinywele. Ndiye huyu?

---

Mzee_wa_Vitalu

Huyo ni Danaus chrysippus, ndugu wa damu. Mmea ni Gomphocarpus physocarpus, zamani uliwekwa kwenye Asclepias, na monaki wa Marekani wakiupata wanautagia pia. Yote uliyosoma hapo juu kuhusu kutazama yanafanya kazi kwako: majani machanga, yai moja moja, mbavu za boga. Kiwavi wako atakuwa na jozi 3 za pembe, kama yule wa Texas.

Ukanda wa pwani na sehemu kavu, hata Oman, mtafute kwenye Calotropis procera, ule mti mfupi wenye majani mapana ya kijivu na utomvu mwingi.

Una bahati ya jambo moja ambalo sisi hatuna. Nairobi iko kwenye eneo ambapo aina za chrysippus za kaskazini, kusini na magharibi zinakutana, na kuna bakteria wa Spiroplasma anayerithishwa na mama na kuua watoto wa kiume wakiwa bado wachanga kabisa. Jike mwenye bakteria huyo anataga vizuri tu, lakini karibu nusu ya mayai hayatotoi. Hivyo ukikuta mayai yamebaki bila kutotolewa baada ya siku 6 na hayana tundu, usikimbilie kusema ni dawa ya jirani. Fuatilia wanaopona uone kama wote ni majike.

---

Kipepeo254

Hii sikuitegemea. Nitaanza kuhesabu wiki hii, shukrani mzee.

---

Nyota_ya_Ohio

Swali la msimu: Agosti mwishoni mayai yanapungua kabisa. Bustani imeharibika?

---

Bustani_ya_Uani

Haijaharibika. Monaki wanaotoka kwenye pupa kuanzia Agosti kaskazini hawajamiani wala hawatagi. Viungo vya uzazi vinasubiri, mafuta yanawekwa mwilini, na wanaishi miezi 8 hata 9 badala ya wiki chache. Wanaruka hadi milima ya Michoacán na jimbo la Mexico, wanaanza kurudi Machi, na kutaga njiani Texas. Kwa hiyo Agosti na Septemba kazi ya bustani inageuka kuwa nekta: maua yanayochanua kwa kuchelewa, kama asta na alizeti.

Ila kuna upungufu mwingine wa Julai ambao unatibika. Majani yamekomaa, yamekuwa magumu, jike anayakwepa. Mwishoni mwa Juni kata theluthi moja ya syriaca zako zibaki sentimita 20, baada ya kukagua kila jani. Wiki mbili tatu baadaye zinachipua majani laini, na mara nyingi mayai yanahamia huko. Usikate zote, waliopo wanahitaji chakula.

Na kama ua wako una mtambaazi wa Vincetoxicum, wenye maua madogo ya zambarau iliyokoza na maganda membamba, ung'oe na mizizi. Majike wanadanganyika na kuutagia, na viwavi wote hufa.

---

Nyota_ya_Ohio

La mwisho jamani. Yai lililokuwa kwenye jani la pili, siku ya nne, limetoweka. Nitajuaje kama ametoka au ameliwa?

---

Mzee_wa_Vitalu

Chukua lenzi, soma jani.

Pametoweka kabisa, hakuna hata ganda: inaweza kuwa ametoka, kwa sababu anakula ganda lake. Tafuta ndani ya sentimita 3 tundu dogo la duara, si kubwa kuliko punje ya mchele, au mkwaruzo wa umbo la mwezi mchanga. Kiwavi mchanga huchimba mduara kwanza ili utomvu ukauke nje, kisha anakula katikati. Pembeni utaona vinyesi kama punje za poda nyeusi. Ukivikuta, yupo, labda jani la juu yake.

Ganda lipo lakini limebonyea kama puto lisilo na hewa: limefyonzwa.

Yai limekuwa jeusi lote, si ncha tu, halafu lina kitundu kidogo sana cha mviringo: nyigu mdogo wa Trichogramma alitaga humo ndani na watoto wake wametoka.

Yai lina rangi ile ile, halina tundu, siku ya saba: halikurutubishwa au lilikufa kwa baridi.

Piga picha upande wa chini wa jani, mwanga utokee nyuma yake, uiweke hapa tuitazame pamoja.